Eda si gauni jeusi

Jana tena nimekutana na ile picha ya Malkia Victoria, kavaa nyeusi mpaka chini, kichwani kikofia cheupe, na mtu kaandika hapo chini "malkia akiwa kwenye eda yake ya miaka 40". Sijui ni mara ya ngapi naiona hii, leo nikasema acha niandike maana nikinyamaza itazoeleka.

Haraka haraka basi. Alichovaa yule mama ni nguo za msiba za Uingereza ya karne ya 19. Mjane wa kule, mwenye uwezo lakini, alitarajiwa akae nazo kama miaka 2 na nusu. Mwaka wa kwanza na siku moja ni kitambaa cheusi kisichong'aa kabisa na juu yake krepe, yani hariri iliyofinywafinywa kwa joto mpaka mng'ao wote umekufa, halafu krepe inapunguzwa kidogo kidogo, mwisho kabisa anaruhusiwa kijivu na zambarau iliyopauka, hiyo ndo waliita nusu msiba. Krepe yenyewe ilikuwa balaa, ikipata mvua inachuja rangi mpaka kwenye ngozi. Na biashara ilikuwepo, duka la Jay la Regent Street pale London lilifunguliwa 1841 kwa ajili ya vitu vya msiba. Hayo yatosha.

Sasa eda. Neno limetoka kwenye Kiarabu, idda, na shina lake ni la kuhesabu, ndo hilo hilo lililotupa "idadi". Eda na idadi ni ndugu tumbo moja, ila watu wanalisikia moja wanafikiria hesabu, wanalisikia jingine wanafikiria gauni. Eda ni muda uliohesabiwa basi, muda wa mwanamke wa Kiislamu kungoja kabla hajaolewa tena. Aliyefiwa na mume miezi 4 na siku 10, aliyeachwa twahara tatu (yani vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi na hedhi), mwenye mimba mpaka ajifungue. Na hapo kwa aliyeachwa ndo pa kushika, kwa sababu yule anakaa eda na mume mzima, pengine muda huo yuko kibarazani anakunywa kahawa na wenzake! Sasa huo ni msiba wa nani? Kama eda ingekuwa maana yake nguo za huzuni mtalaka asingekuwa nayo.

Kule kujizuia mjane asijipambe, asijitie manukato wala wanja, Waarabu wana neno lake kabisa, hidad, sisi hatukulichukua ndo maana tumebebesha eda mizigo yote miwili. Na hata huko hakuna aliyeambiwa lazima nyeusi. Shangazi yangu alikaa kizuka, yani eda ya kufiwa na mume, na nguo nyeupe mwanzo mwisho na hakuna aliyemuuliza kitu.

Halafu eda ni ya mke tu. Hakuna eda ya mama mzazi, hakuna eda ya dada. Kina mama wa Uingereza wao walivaa kwa kila mtu, mzazi au mtoto akifa mwaka mzima, ndugu miezi 6, shangazi na binamu nao wana wiki zao, yani kwenye ukoo mkubwa unaweza kuvua leo kesho ukavaa tena.

Turudi kwa Victoria. Mumewe Albert alifariki tarehe 14 Desemba 1861. Kwa desturi ya watu wake mwenyewe, ikifika katikati ya 1864 angeshafungua sanduku akatoa nguo za rangi na hakuna ambaye angemsema. Hakufungua. Alifariki tarehe 22 Januari 1901 bado yuko kwenye nyeusi, miaka 39 na ushee. Sasa eda ni kitu cha kuhesabiwa na kuisha, siku ikitimia unatoka, unaoga, unavaa unachotaka, ukitaka unaolewa. Huyu ni mtu aliyekataa kuhesabu. Kusema "eda ya miaka 40" ni kama kusema mfungo wa Ramadhani wa miaka 40.

Simlaumu sana aliyeandika, Kiswahili chetu hakina neno moja la zile nguo na eda ndo ilikuwa karibu na mkono. Siku nyingine andika tu "amevaa nguo za msiba", na ukiona imepoa ongeza "na hakuzivua".