Feni ya PS kupiga kelele sio tangazo la msiba

"Fundi hii PlayStation yangu imechoka, feni inavuma mpaka jirani anasikia, si bora ninunue mpya tu?" Hii nimeisikia mpaka basi, na kinachoniuma ni kwamba wengine wanakuja kuuliza wakati mpya wameshanunua na ile ya zamani wameshaigawa bure.

Naanza na hiyo maana ndiyo inayokula hela za watu kuliko zote. Feni kupiga kelele sio ugonjwa jamani, hiyo feni inafanya kazi yake, kuna sensa inapima joto la chipu na joto likipanda feni inaongeza spidi, basi. Cha kujiuliza ni joto linapanda kwa nini. Chukua PS4, mashine iliyotoka 2013, nyingi zinazoletwa hazijawahi kufunguliwa tangu zitoke kwenye boksi, ukitoa kava na feni unakuta matundu ya hitisinki (kile chuma kinachonyonya joto la chipu) yamezibwa na vumbi lililoshikana vizuri kiasi kwamba unalinyanyua kwa koleo likiwa kipande kimoja, kijivu, na nywele za paka ndani yake. Hapo hewa itapita wapi? Halafu ukitoa hitisinki yenyewe, pesti (ile krimu ya kupitisha joto) iliyopo kati yake na chipu imekauka, ukiikwangua inadondoka unga. Safisha, weka pesti mpya, funga, na mashine inarudi kuwa kimya.

Na ile ya kujizima katikati ya gemu na kuandika kwamba imepata joto sana, nayo mnaiita kufa. Imejizima ili ISIFE! Chipu ikifika kikomo chake cha joto inakata moto yenyewe, sasa wewe ukiiwasha tena hapo hapo mara nne tano kwa hasira ndio unaitafutia kifo cha kweli. Tena kuna gemu ukifungua ramani tu feni inapaa wakati hakuna hata mtu anayekimbia, mara nyingi ni kwa sababu pale kwenye ramani hawakuweka kikomo cha fremu (picha ngapi zichorwe kwa sekunde) kwa hiyo chipu inachapa kazi ya bure, hiyo hata mashine mpya inafanya.

Kabla hujaja kwangu angalia kwanza umeiweka wapi. Kama iko ndani ya kabati la TV lililofungwa inavuta hewa ile ile ya moto iliyoitoa yenyewe, na wale mnaoifunika kitambaa ikiwa inawaka eti isiingie vumbi sijui niwaambie nini. Ukipuliza vumbi kwa blowa shika feni isizunguke, ikizungushwa kwa nguvu hivyo unaiharibu. Ila wa PS5 msijifanye mafundi wa pesti, kule ndani kuna metali ya kimiminika, inapitisha umeme, tone likitambaa kwenye bodi umeisha. Nyie vueni kava za pembeni, hazina skrubu, mvute vumbi kwenye vile vitundu vilivyowekwa kwa kazi hiyo, mwisho wenu hapo.

Kugandaganda na kuchelewa kulodi: "imezeeka". Kilichozeeka ni hard disk, ile diski ya ndani inayotunza gemu. Kwenye PS4 ni ya inchi 2.5, mwenye mashine anaruhusiwa kuibadilisha, weka SSD (diski ya kisasa isiyozunguka, ina kasi zaidi) uone. Na kabla ya hapo jaribu cha bure: ikiwa imezimwa kabisa shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mlio wa pili, kama sekunde 7, chomeka pedi kwa waya, kwenye menyu itakayotokea chagua namba 5 (Rebuild Database, inapanga upya orodha ya vilivyomo kwenye diski). Gemu hazifutiki. Namba 6 na 7 usiziguse, hizo ndio zinafuta.

Taa inawaka ila TV haina picha, mtu anasema bodi imekufa. Chungulia poti ya HDMI (pale unapochomeka waya wa TV) kwa tochi, mara nyingi ni pini zimepinda kwa sababu waya ulichomekwa kwa nguvu gizani.

Mchezaji anatembea mwenyewe? Hiyo ni stiki ya pedi imelika. Pedi, sio mashine.

Disiki ya gemu haisomi: lenzi inabadilishwa, ila ile bodi ndogo ya draivu (sehemu inayosoma disiki) imefungwa kimfumo na bodi kubwa ya mashine yako, fundi akikuwekea draivu nzima ya mashine nyingine haitasoma gemu, kwa hiyo bodi yako ibaki.

Na hii ya kuchoma bodi kwa moto "ifufuke" iachwe kabisa. Imeenea sana tangu enzi za Xbox 360 na taa zake nyekundu, lile tatizo lililoifanya Microsoft mwaka 2007 iongeze waranti mpaka miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1. Ukiichoma inawaka wiki mbili tatu, inazima tena, na ikija kwangu baada ya hapo bodi imeshapinda.

Sasa kununua mpya lini? Chipu kuu ikiwa imekufa yenyewe, au maji yameingia na kutu imekula njia za bodi, hapo hata mimi nakwambia usitupe hela. Kama gemu unayoitaka haitoki tena kwenye mashine yako, nunua, ila sema tu umetaka mpya, usiisingizie feni. Na kama ni PS4 hamishia sevu zako kwenye flashi leo ikiwa bado inawaka, maana hard disk ikishaanza kulia tiki tiki kila mtu anakuja kwangu anataka muujiza.