Je, wajua kwa nini shujaa asiyekufa huficha kifo chake nje ya mwili?

Mikuki ya Walang'o ilimgonga Luanda Magere kifuani ikapinda, naye akaendelea kupigana. Ndivyo wasimulizi wa nyanda za Kano, kaunti ya Kisumu, wanavyomweleza shujaa huyu wa Waluo aliyekuwa na mwili mgumu wa jiwe. Basi aliuawaje? Kwa mkuki uliochoma kivuli chake. Adui zake walimpa msichana mrembo wa kwao amwoe, wakamtuma achunguze siri ya nguvu hizo. Siku moja Luanda aliugua, akamwomba mkewe amchanje na kumpaka dawa. Kisu kilikataa kuingia. Akamwambia achanje kivuli, na pale kwenye kivuli damu ikatoka. Usiku ule mke akatoroka kurudi kwao, na katika vita vilivyofuata hakuna aliyejisumbua tena na kile kifua.

Wanafunzi wanaosoma mighani huuliza swali la haki kabisa: mtu ambaye chuma hakimwingii, kwa nini uhai wake ukae kwenye kitu ambacho hata mtoto anaweza kukikanyaga? Jibu ni kwamba katika hadithi za aina hii, ziwe za kale au fantasia za leo, kifo hakifutwi. Huhamishwa. Yai, sindano, pete, picha, mti au kivuli ni mahali kifo kilipopelekwa kikae. Na chochote kilichowekwa mahali kinaweza kutafutwa, kuibwa, kuvunjwa, au kutajwa mbele ya mtu asiyefaa kukisikia. Shujaa hupata miaka mingi na papo hapo hupata kazi mpya ya ulinzi, ambayo hataipumzikia maisha yake yote.

Simulizi kongwe ya namna hii tuliyo nayo kwa maandishi inatoka Misri, kwenye mafunjo ya yapata miaka 3,200 iliyopita ambayo leo yamo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Kijana aitwaye Bata anautoa moyo wake na kuuweka juu ya ua la mti. Mkewe anaijua siri kwa sababu Bata mwenyewe alimwambia, naye, akiwa sasa amechukuliwa na mfalme, anamshauri mfalme huyo mti ukatwe. Mti unaanguka na Bata anaanguka papo hapo. Kaka yake, Anubis, anajua mambo yameharibika anapoona bia ikifura povu kikombeni mwake. Anautafuta moyo miaka mitatu, na katika mwaka wa nne anaupata ukiwa umebaki kama mbegu. Anautia katika bakuli la maji baridi, moyo unayanywa yale maji usiku kucha, na mwili wa Bata unaanza kutikisika. Tazama ufundi uliomo: kila hatua ina kifaa chake, ina muda wake, na ina ishara inayoonekana kwa macho. Msikilizaji haombwi aamini tu kwamba uchawi umefanya kazi.

Anayefahamika zaidi ni Koschei wa ngano za Kirusi. Kifo chake kimo kwenye ncha ya sindano. Sindano imo ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura, sungura ndani ya kasha la chuma, na kasha limefukiwa chini ya mwaloni katika kisiwa cha Buyan. Msururu huu una sababu za kiutunzi. Kila ganda linakimbia kwa namna yake: kasha ni zito, sungura ana mbio, bata anaruka, na yai likidondoka baharini linazama. Mtu mmoja hawezi kushinda yote hayo kwa upanga. Ndiyo maana shujaa anayemtafuta Koschei huwa amewahurumia wanyama njiani, nao wanarudisha fadhila, kila mmoja kwa ganda lake: dubu anang'oa mwaloni, sungura mwingine anamkimbiza sungura, bata dume anamkamata bata, samaki analeta yai kutoka majini. Ukipunguza maganda yakabaki mawili, wasaidizi hawana kazi. Ukiyafanya kumi, msikilizaji anachoka kabla sindano haijaonekana. Kwa maoni yetu maganda matatu hadi matano yanatosha hadithi fupi, mradi hakuna mawili yanayoshindwa kwa mbinu moja.

Sasa, kwa nini mwenye siri huisema? Wasomaji wengi humwona mjinga. Lakini fikiria kwamba angenyamaza: hakuna mhusika ambaye angejua pa kupiga, nasi tunaosoma tusingejua kwamba kuna pa kupiga. Kwa hiyo siri lazima ivuje, na kazi ya mtunzi ni kuhakikisha inavuja kwa sababu ya kibinadamu. Luanda alikuwa mgonjwa na alihitaji dawa. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani yetu aliyetungiwa utendi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, alimwambia mwanawe kwamba sindano ya shaba ikimchoma kitovuni atakufa. Alishuku kwamba kijana ametumwa, na bado akamwambia, kwa kuwa ni mwanawe. Mtawala wa Pate alikuwa amemwahidi kijana yule binti yake. Hapo ndipo uchungu wa utendi ule ulipo, kuliko hata pale Liyongo anapofia karibu na kisima akiwa amepiga goti na upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai.

Koschei yeye hudanganya kwanza. Katika matoleo kadhaa anamtajia mwanamke aliye mateka wake mahali pa uongo mara mbili, mwanamke anapaheshimu na kupapamba, na mara ya tatu Koschei anasema kweli kwa kuguswa na mapenzi yale ya kuigiza. Hiyo ni mbinu nzuri kuiga. Uongo wa kwanza na wa pili unajenga taharuki, na wa tatu, ambao ni ukweli, unaaminika kwa sababu umegharimu kitu.

Vitu vya kula na kunywa hufuata kanuni tofauti, navyo tuvipitie upesi. Tatizo lake ni dozi. Miungu ya Skandinavia hula matufaha ya mungu wa kike Idunn ili wasizeeke. Alipotekwa pamoja na matufaha yake, wote wakaanza kuota mvi. Katika riwaya ya Kichina ya karne ya 16, Safari ya Magharibi, bustani ya mbinguni ina mipichi 3,600: 1,200 ya mbele huiva kila miaka 3,000, 1,200 ya katikati kila miaka 6,000, na 1,200 ya nyuma kila miaka 9,000. Mtu akiiba tunda moja la nyuma, ameiba mavuno ya miaka 9,000. Gilgamesh wa Mesopotamia alijifunga mawe miguuni akazama hadi chini kuchuma mmea wa kurudisha ujana, akauchukua badala ya kuula pale pale, na nyoka akaunyakua Gilgamesh alipokuwa akioga. Na katika visa vya Iskandari (Aleksanda Mkuu), mpishi wake aligundua maji ya uhai pale alipomwosha samaki mkavu wa chumvi, samaki akafufuka na kumponyoka. Hilo la samaki linastahili kukumbukwa na kila mtunzi: kitu cha ajabu kimepimwa kwanza kwa kitu cha jikoni, na msomaji amekiona kikifanya kazi kabla mwanadamu hajakigusa.

Kosa baya kuliko yote katika kundi hili ni la Tithonus wa Wagiriki. Mungu wa kike Eos alimwombea asife, akasahau kumwombea asizeeke. Akazeeka bila kikomo. Kwa hiyo unapotunga hirizi yako, andika pembeni majibu ya maswali manne kabla ya sura ya kwanza: Je, inazuia kuzeeka? Inazuia maumivu? Inaponya jeraha, au inazuia tu jeraha lisiue? Na kifaa kikivunjika, miaka iliyozuiwa inamrudia mwenyewe kwa mkupuo au inapotea? Oscar Wilde, mwaka 1890, alijibu swali la mwisho kwa ukali: picha ilizeeka badala ya Dorian Gray, na alipoichoma kisu uzee wote ukarudi kwake, picha ikabaki changa.

Watunzi wa Kisumu na Nakuru hawana haja ya kuazima mwaloni wa Urusi. Chukua kamongo wa Ziwa Victoria. Samaki huyu anapumua hewa kwa mapafu, na bwawa likikauka hujichimbia kwenye matope, akajizungushia ute unaokauka na kuwa gamba lenye tundu dogo la hewa, akalala humo miezi mingi hadi mvua irudi. Mganga katika hadithi yako anaweza kumlisha kamongo shanga iliyobeba uhai wa mtemi, kisha akamwachia kwenye mafunjo ya Dunga, kando ya Kisumu. Msimu wa maji kamongo anahamahama na hakamatiki kirahisi. Kiangazi yumo ardhini, na juu yake ng'ombe wanapita. Ni maficho mazuri, na udhaifu wake umo ndani yake wenyewe: majini lazima aibuke kuvuta pumzi, na matopeni lazima aache tundu. Mvuvi mwenye subira ataliona povu. Mtemi naye, kila kamongo anapokawia kuibuka, na abanwe kifua barazani mbele ya wazee. Sasa siri inavuja yenyewe, bila mke wala mtoto msaliti, na mtu mwenye akili anaweza kuunganisha mambo mawili.

Kivuli nacho kina hesabu yake ambayo watunzi wachache wameitumia. Mstari wa Ikweta unapita Maseno, karibu kabisa na Kisumu. Kuelekea tarehe 21 Machi na 23 Septemba, jua hufika utosini muda mfupi kabla ya saa saba mchana na kivuli cha mtu huishia chini ya nyayo zake. Saa moja baada ya macheo siku hizo hizo, kivuli ni karibu mara nne ya kimo chake: mtu wa futi sita anaburuta kivuli cha futi 22 hivi. Shujaa ambaye kifo chake kimo kivulini ana saa za usalama na saa za hatari, na adui mwenye akili angeshambulia mara baada ya macheo akiwa upande ule kivuli kinakoangukia, yaani magharibi. Siku ya mawingu mazito je? Amua mapema kama kivuli kilichofifia kinamfanya asiguswe kabisa au kinamdhoofisha, kisha usibadilishe.

Hirizi nyingi katika miswada huharibika hapo hapo, kwenye kubadilisha. Sura ya 3 inasema pete haivunjwi na moto, sura ya 20 pete inayeyuka jikoni kwa sababu hadithi inataka kuisha. Njia ya kuzuia hilo ni kuandika mwisho kwanza: chagua kitu kimoja tu kinachoweza kuharibu chombo, kiwe cha kawaida na kiwe kimeonekana angalau mara mbili mapema kikifanya kazi yake ya kila siku. Sindano ya shaba, kisu cha chanjo, shoka la kukatia mti. Msomaji akifika mwisho anapaswa kukikumbuka mwenyewe, nusu ukurasa kabla mhusika hajakishika.