Krismasi Haianzi Desemba Mosi

Ikifika wiki ya mwisho ya Novemba, walimu wa kwaya huniuliza swali lilelile: nyimbo za Krismasi tuanze lini? Nawajibu: mkesha, jioni ya Desemba 24. Wengi hawalipendi jibu hilo, na naielewa shauku yao. Huku Masasi minada ya korosho inakuwa imepamba moto, hela imeingia, maembe yameiva, mikrismasi imechanua nyekundu. Kila kitu kinasema sikukuu imefika. Kanisa peke yake linasema subirini.

Nafundisha makatekista wa Kianglikana liturjia, yaani utaratibu wa ibada, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Majilio, majira ya kuingojea Krismasi, huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, Novemba 30. Huo ndio mwaka mpya wa Kanisa. Lakini sikilizeni Injili ya siku hiyo: hakuna hori wala wachungaji wa kondoo. Yesu anasema kesheni, maana atarudi. Jumapili ya pili na ya tatu tunaye Yohana Mbatizaji na toba yake. Kwa Mariamu na Yusufu tunafika Jumapili ya nne.

Sala ya Jumapili ya kwanza ilitungwa kwa kitabu cha sala cha mwaka 1549, kazi ya Askofu Mkuu Thomas Cranmer wa Canterbury, Uingereza, ikichota Warumi 13: tuyavue matendo ya giza, tuzivae silaha za nuru. Kitabu cha 1662 kinaagiza irudiwe kila siku hadi mkesha wa Krismasi. Naipenda sala hii kuliko mapambo yote ya majira haya. Isalini nyumbani kila jioni, tena msilitafute giza mbali. Kangomba, yaani kununua korosho za mkulima kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto wake anaumwa na mnada haujafika, ni tendo la giza, na wanaolifanya wengine tunapokea nao Ekaristi.

Sisi ni Waanglikana wa ubani na mavazi, urithi wa wamisionari wa UMCA (Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati) waliofika Masasi na Askofu Edward Steere mwaka 1876. Kwa hiyo padre anavaa zambarau, na "Utukufu kwa Mungu juu" hauimbwi siku za Jumapili hadi mkesha. Taji la mishumaa minne ni la juzi tu, lilianzia Hamburg mwaka 1839 kwa mchungaji wa Kilutheri, Johann Wichern. Sisi tunalisuka kwa majani ya mwembe. Mishumaa iwekeni mahali pa baridi hadi Jumapili asubuhi, maana joto la Desemba huipinda hata kabla haijawashwa.

Krismasi yenyewe ni siku kumi na mbili, hadi Januari 5. Tarehe 26 ni Stefano shahidi, 27 Yohana, 28 watoto waliouawa na Herode. Najua mvua ikinyesha watu wako shambani, na siwalaumu. Ila mnaorudi jioni, imbeni nyumbani. Nyimbo mlizozizuia wiki nne zina nafasi tele hapo. Za mamajusi tu ndizo muendelee kuzitunza hadi Epifania, Januari 6, na sanamu zao zisiwekwe pangoni kabla ya siku hiyo.