Waya uliolegea si waya mbovu: yanayosemwa Mbeya kuhusu ziplaini

Video ya ziplaini, ule mchezo wa kuteleza kwenye waya juu ya miti, ikifunguliwa kwenye simu pale Mwanjelwa, kila aliye karibu ana hukumu yake. Sisi tuliokulia chini ya Loleza na safu za Uporoto tunaujua msitu wa mlimani kwa ukungu wake na utelezi wake. Kuupita juu kwa juu, umening'inia kwenye waya, ni jambo jingine, na naona hofu nyingi inaelekezwa pasipo huku panapostahili hofu panaachwa.

"Waya ule umelegea, siku moja utakatika."

Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo lililo kinyume kabisa. Waya hulegezwa makusudi. Ukilegea hadi kushuka katikati kwa asilimia 5 ya urefu wake, mtu wa kilo 80 akifika katikati anauvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 400. Punguza ulegevu huo hadi nusu, nguvu inapanda mara mbili: kilo 800, kwa mtu yuleyule. Kwa hiyo waya uliokazwa kama uzi wa gitaa, unaompendeza mtazamaji, ndio unaoumia zaidi. Waya wa chuma uliosokotwa, wenye unene wa milimita 12 hivi, hustahimili tani kadhaa, kwa hiyo mwili wako peke yake haumtishi mtu. Cha kuuliza ni lini ulikaguliwa, hasa kwenye ncha zake, na kama kuna nyuzi zilizoanza kuchomoka.

"Wanene ndio wa kuogopa, wembamba wanapeta."

Nusu tu. Mzito huenda kasi zaidi, na kweli kuna uzito wa juu usioruhusiwa. Lakini mwepesi anaweza kuishiwa mwendo kabla ya kufika, hasa upepo ukimkabili, akabaki ananing'inia mpaka mwongozaji aje kumvuta. Ndiyo maana mnapimwa kwenye mizani kabla ya kupanda. Dada, usitaje kilo za mwaka juzi.

"Lazima uwe na mikono ya chuma."

Hapana. Unakaa kwenye mikanda, hubebwi na mikono. Miguu ndiyo itakayolalamika, kwa sababu kati ya jukwaa na jukwaa mara nyingi kuna ngazi na njia za kupanda. Kuna ziplaini ambazo breki ni mkono wako wenye glavu ya ngozi. Hapo unabana waya nyuma ya kapi, lile gurudumu linaloteleza juu ya waya, kamwe si mbele yake, maana kapi litapita juu ya vidole. Nyingine zina breki zake mwishoni.

"Mwongozaji ni mpiga picha tu."

Mtazame akiwa jukwaani, wakati wa kukuhamisha kutoka waya mmoja kwenda mwingine. Watu huogopa bonde, lakini mimi naona ni hapo pa kufungua macho, kwa kuwa kulabu zinazokushikilia kwenye waya zinafunguliwa. Mwongozaji makini hafungui ya kwanza kabla ya kuifunga ya pili, hata kama jukwaa ni pana na foleni inanung'unika. Ukiona anafungua zote mbili kwa mkupuo, shuka kwa ngazi.

"Mvua? Sisi watu wa Tukuyu tumeizoea."

Waya haujui umetoka wapi. Ukilowa, glavu inateleza na breki ya mkono inakawia kushika. Ukungu nao unawaficha waongozaji wasionane, wategemee redio. Radi ikisikika, kazi inasimama, na anayekuambia "bado iko mbali" anataka hela yako tu.

"Utaona nyani kila mti."

Huko Costa Rica, miaka ya 1970, mwanabiolojia Mmarekani Donald Perry alitumia kamba na kapi kufika kwenye vilele vya miti ili achunguze viumbe wa huko. Alikuwa ametulia. Abiria wa ziplaini anapita kwa mlio wa kapi na kelele zake mwenyewe, na wanyama wanakimbia. Kipunji, tumbili wa kwetu anayeishi Rungwe na Kitulo, alifahamika kwa wanasayansi mwaka 2003 tu, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake zamani. Anayemtaka huyo apande Rungwe kwa miguu, mapema asubuhi, na mwongozaji anayeujua msitu, na avae sweta.