Je, vuguvugu la India la 1942 lilikuwa la amani tupu?

Wengi huamini kwamba Wahindi, walipowataka Waingereza waondoke nchini mwao katikati ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, walipinga kwa amani mwanzo hadi mwisho. Imani hiyo ina msingi, kwani azimio lililopitishwa na chama cha Congress, kilichoongoza madai hayo, mjini Bombay (Mumbai ya leo) tarehe 8 Agosti 1942 lilitaka mapambano yasiyo ya mabavu. Hata hivyo, alfajiri iliyofuata viongozi wa chama hicho walikamatwa, na umati uliobaki bila uongozi ukashika njia mbalimbali: wengine waligoma na kuandamana, wengine walikata nyaya za simu, kung'oa reli na kuchoma vituo vya polisi, huku serikali ikijibu kwa viboko na risasi. Kufikia mwisho wa mwaka, watu zaidi ya 60,000 walikuwa wametiwa mbaroni. Wakati huohuo, jambo ambalo husahaulika, Wahindi wengi mno walijiunga kwa hiari na jeshi lililopigana upande wa Uingereza.

Anayetaka kuhakiki aanze na tarehe: maneno ya azimio ni ya kabla ya kamatakamata, ghasia nyingi ni za baada yake. Kisha alinganishe taarifa za serikali ya kikoloni, iliyodhibiti magazeti, na kumbukumbu za waliofungwa, kwani kila upande ulikuwa na sababu ya kukuza jambo moja na kufifisha jingine.