Zamu za Melini na Usingizi: Yasemwayo Kigoma na Ukweli Wake

Dhana: Mwili huzoea kukesha.

Kauli hii utaisikia kwa mabaharia wa bandari ya Kigoma, na kwa wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wanaokesha na taa zao ziwani. Huisema kwa fahari, na fahari hiyo ni haki yao, maana kazi yenyewe si ya mchezo. Lakini si kweli.

Saa ya mwili huongozwa na mwanga. Baharia anayemaliza zamu saa kumi na mbili asubuhi hutoka nje akakutana na jua likipanda juu ya vilima vya mji, na mwanga huo huuambia ubongo kwamba kumekucha. Homoni ya usingizi, melatonini, hushuka. Ndiyo maana usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi, hata kwa aliyefanya kazi ya usiku miaka nenda miaka rudi. Na hapa pana jambo linalonitia hofu zaidi: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kuwa watu waliolala saa 6 au pungufu kila usiku kwa wiki mbili walipungukiwa na umakini kufikia kiwango cha mtu aliyekesha usiku mmoja hata miwili, huku wenyewe wakijiona wamechoka kidogo tu. Anayesema amezoea huenda amepoteza uwezo wa kujipima.

Dhana: Zamu ya sita kwa sita, yaani saa 6 kazini na saa 6 nje ya kazi, inampa mtu saa 12 za kupumzika kwa siku, anataka nini tena?

Kwa karatasi, hesabu inakubali. STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na zamu za mabaharia wa baharini, unadai angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na saa 77 kwa wiki. Ila mapumziko si usingizi. Ndani ya saa hizo 6 mtu ataoga, atakula, atafua, atapiga simu nyumbani, kisha ataamshwa mapema ajiandae. Hubaki saa 4, pengine 5, na vipande viwili vya namna hiyo havilingani na usingizi mmoja mrefu.

Ziwa letu lina la kwake pia. Vijiji vingi vya mwambao wa Tanganyika havina gati. Katika safari za meli ya Liemba kwenda Mpulungu, Zambia, meli ilisimama majini na boti zikaifuata na abiria na magunia, hata usiku wa manane. Aliyepaswa kulala hulala juu ya kelele hizo, au huitwa kusaidia.

Mradi wa Horizon wa Ulaya, wa kuchunguza uchovu wa mabaharia, uliotoa matokeo yake mwaka 2012, uliwapima maofisa kwenye mitambo ya kuigiza uendeshaji wa meli. Wa sita kwa sita walichoka kuliko wa nne kwa nane (saa 4 kazini, 8 za mapumziko), na wapo waliosinzia zamuni. Kwa maoni yangu mwenye meli aongeze ofisa mmoja, gharama ailalamikie baadaye.

Dhana: Anayesinzia zamuni ni mzembe.

Aprili 2010 meli ya Shen Neng 1 ilipanda mwamba wa matumbawe Australia. Ofisa wa zamu alikuwa amelala saa 2 na nusu tu katika saa 38 na nusu zilizotangulia, kwa kuwa alikuwa akisimamia upakiaji wa makaa ya mawe. Huyo angekaaje macho?

Dhana: Kahawa inatosha.

Inasaidia, na mkoa wetu unailima. Lakini nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takribani saa 5, hivyo kikombe cha saa tisa usiku humnyima mtu usingizi wa asubuhi. Afadhali alale dakika 20 kabla ya zamu.

Naye aliyetoka usingizini ubongo wake hubaki mzito kwa dakika 15 hadi 30. Wa zamu ya saa kumi usiku aamshwe nusu saa kabla, anawe uso, azoee giza la nje, ndipo akabidhiwe usukani.