Hospitali Ikikulipia Uuguzi, Soma Mkataba Kabla ya Anatomia

Hii ni kwa wenzetu mlioko Marekani mnaofanya kazi ya CNA (msaidizi wa muuguzi) na mnautaka u-RN (uuguzi wenye leseni kamili). Pesa ya masomo ambayo hospitali inaitaja kwenye usaili mara nyingi haitangulii. Unalipa mwenyewe, unasoma, unafaulu, ndipo unarudishiwa. Chuo kinadai ada muhula unapoanza. Hospitali inataka kwanza kuona matokeo, kwa kawaida kuanzia C. Kwa hiyo uliza mapema kama chuo kinapokea ada kwa awamu, au kama hospitali inaweza kukilipa moja kwa moja. Jaza na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ikiwa una green card au uraia: ruzuku ya Pell, inayoombwa kwa fomu hiyo, hairudishwi ukimaliza muhula.

Ombi lifike rasilimali watu kabla ya siku ya kwanza ya darasa. Ukianza bila idhini ya maandishi, hata A haikusaidii. Programu iwe imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo, la sivyo NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, huifanyi, na hospitali nyingi hudai pia ithibati ya ACEN au CCNE, mashirika yanayopima ubora wa programu za uuguzi. Masomo ya awali, kama anatomia na maikrobiolojia, baadhi ya hospitali haziyalipii mpaka chuo kikupokee rasmi kwenye uuguzi wenyewe.

Kwenye kodi, kifungu cha 127 cha sheria ya kodi ya Marekani kinamruhusu mwajiri kukulipia masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi. Kinachozidi, kwa CNA anayesomea RN, huhesabiwa mshahara, kwa kuwa masomo hayo yanakupeleka kwenye taaluma nyingine. Mwaka unaohesabiwa ni wa kalenda, si wa masomo. Ukipokea 4,000 Februari na 3,500 Desemba, dola 2,250 zinakatwa kodi. Hiyo ya pili ikilipwa Januari, inaingia kwenye kikomo cha mwaka mpya. Kiasi usichokitumia mwaka huu hakihamii mwaka ujao.

Lakini kinachowaangusha wengi, kwa maoni yangu, ni saa za kazi. Mafunzo ya wodini yakianza, yanakula siku mbili tatu za wiki, na mtu aliyechoka anaomba kushushwa awe PRN, yaani wa kuitwa anapohitajika tu. Saini hiyo moja inaweza kumtoa kwenye mpango mzima, kwa sababu marupurupu haya huwa ni ya wenye saa za kudumu. Ulizia kiwango cha chini kabla hujagusa ratiba yako. Kama ni saa 24, zamu mbili za saa 12, Jumamosi na Jumapili, zinakutosha.

Halafu kuna deni la kubaki: hospitali ikikulipia, unaahidi kuifanyia kazi kwa muda fulani, la sivyo unairudishia pesa. Tuseme umelipiwa dola 8,000 kwa mkataba wa miezi 24, ukaondoka baada ya 15. Deni likipungua kila mwezi, unadaiwa 9/24, yaani 3,000. Mkataba usiposema kwamba linapungua, unaweza kudaiwa zote. Angalia miezi inaanza kuhesabiwa lini: siku ya malipo ya mwisho, siku ya kuhitimu, au siku unapoanza kazi kama RN? Ukihamia hospitali nyingine ya mtandao uleule, je, bado unahesabiwa umebaki? Na ukipata leseni wakati hakuna nafasi ya RN wodini, deni linafutwa, au unaendelea kugeuza wagonjwa kwa mshahara wa CNA hadi nafasi ipatikane?